Muncie, mji wa ndege ndogo na orodha ndefu za matamanio

UKITOKA Indianapolis kwa gari kuelekea kaskazini-mashariki, baada ya mwendo wa kama saa moja unaingia Muncie, mji wa wastani katika jimbo la Indiana, Marekani. Njia nzima ni mashamba ya mahindi na soya, ardhi tambarare kama sakafu. Hakuna mlima wa kupanda wala bahari ya kuogelea, na mgeni anaweza kujiuliza watu wanafuata nini huku.

Wamarekani wengi wanaujua mji huu kwa chupa. Ndugu watano wa familia ya Ball walihamishia hapa kiwanda chao cha vioo mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa kuwa gesi asilia ilikuwa imegunduliwa na nishati ilipatikana kwa urahisi. Chupa zao za kuhifadhia matunda na mboga bado zimo katika kabati za jikoni nchini humo, na chuo kikuu cha mji huu, Ball State, kina jina lao.

Lakini wapo wanaokuja Muncie kwa ajili ya anga. Pembeni mwa mji kuna eneo la zaidi ya ekari 1,000 ambalo kazi yake ni moja: kurusha ndege ndogo. Sisi tungeziita ndege za kuchezea. Wenyewe hawapendi neno hilo. Wanasema ni ndege za mfano, na ukishaziona zikiruka utawaelewa, maana zinafuata kanuni zile zile za hewa zinazoiinua ndege ya abiria pale Dar es Salaam au Nairobi.

Hapa ndipo yalipo makao makuu ya chama chao, Academy of Model Aeronautics, kilichoanzishwa mwaka 1936 na kuhamia Muncie katika miaka ya 1990. Kuna jumba la makumbusho, kuna viwanja vya kurushia, na kuna sehemu ya kupiga kambi. Majira ya joto yanapofika, mashindano ya taifa huwaleta watu kutoka majimbo mengi, wengine wakiwa na wajukuu ndani ya gari na mabawa yamefungwa kwa mablanketi.

Nilifika hapo na dada yangu, ambaye anaishi Indianapolis, pamoja na mwanawe mwenye umri wa miaka 11. Mtoto huyo alikuwa na karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya ndege anazotaka anunuliwe. Mama yake alishaiona na alishaikataa, kwa maneno ambayo mzazi yeyote anayajua: "Hela ya kuchezea hatuna."

Tulichojifunza siku ile ni kwamba karibu kila mtu pale uwanjani alikuwa na orodha yake, hata wazee wa miaka 80.

KILA MTU NA MATAMANIO YAKE

Kaa chini ya hema lolote katika uwanja wa namna hii, utasikia mazungumzo yale yale. Viwanda vitatoa ndege gani mwaka huu? Kwa nini hawatengenezi ile? Nani atatusikia?

Ili kuelewa mazungumzo hayo, ni vizuri kujua kwanza ndege hizi zinatengenezwaje. Zamani karibu zote zilikuwa za mti mwepesi uitwao balsa, ambao unatoka zaidi Ecuador. Mtu alinunua boksi lenye vipande na mchoro, akakaa mezani wiki au miezi, akikata, kupiga msasa na kubandika kwa gundi. Siku hizi nyingi ni za povu gumu jepesi, la jamii ya lile linalowekwa ndani ya boksi la televisheni mpya ili isivunjike. Ndege ya povu inatoka kiwandani karibu imekamilika. Unachomeka mabawa, unaweka betri, na baada ya muda mfupi uko tayari.

Urahisi huo una bei yake. Ili kutoa ndege ya povu, kiwanda lazima kichonge kalibu, na kalibu ni ghali. Kiwanda hakiwezi kuchonga kalibu ya ndege itakayonunuliwa na watu wachache. Kwa hiyo kinachagua ndege ambayo kila mtu anaijua: Mustang ya vita vya pili vya dunia, Spitfire ya Uingereza, au Piper Cub ya manjano. Mwaka unaofuata kinatoa nyingine kubwa kidogo, na mwaka mwingine kinabadilisha rangi.

Wapenzi wa ndege wanalalamika. "Mustang tena?" anasema mmoja. Mwingine anataka ndege ya injini mbili ya kubeba mizigo. Wa tatu anataka Beaver, ile ndege ya Kanada ya miaka ya 1940 inayotua ziwani kwa maboya. Yupo anayetaka DC-3, iliyosafirisha abiria na askari dunia nzima. Wapo pia wasiojali ni ndege gani. Wao wanataka mabawa yachomoke bila bisibisi, magurudumu yasikwame kwenye majani, na vipuri vipatikane hata baada ya miaka mitano. Na wengi wana ombi moja la nyumbani kabisa: ndege ienee kwenye gari bila kuwafukuza watoto kiti cha nyuma.

Ukisikiliza kwa muda unagundua jambo. Kila ndege iliyo juu kabisa katika orodha ya mtu ina habari nyuma yake, na mara nyingi habari hiyo ni ya nyumbani. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa ameketi karibu nasi na kofia ya majani kichwani, alisema yeye ameomba miaka mingi itengenezwe ndege fulani ya kunyunyizia dawa mashambani. Ndege yenyewe si nzuri. Ina pua ndefu na mgongo wa nundu. Lakini baba yake alikuwa mkulima, na alfajiri ndege ya namna hiyo ilipita chini kabisa juu ya mahindi, naye akakimbia nje bila viatu kuitazama. Baba hakumgombeza. Alitoka wakatazama pamoja.

"Wanadhani naomba ndege," alisema yule mzee. Hakumalizia, na hapakuwa na haja.

ZAWADI YA ASKOFU

Kama unadhani zawadi ya kitu kinachoruka ni upuuzi, nenda kusini-mashariki mwa Muncie kidogo, ufike mahali panapoitwa Millville. Ni kijiji kidogo katikati ya mashamba. Hapo ndipo alipozaliwa Wilbur Wright mwaka 1867, na leo kuna jumba dogo la kumbukumbu yake.

Baba yake, Milton Wright, alikuwa mhubiri na baadaye askofu wa kanisa, mtu wa safari nyingi. Mwaka 1878, familia ikiwa inaishi Cedar Rapids, Iowa, alirudi kutoka safarini na zawadi kwa wanawe wawili wadogo. Kilikuwa kidude cha gamba la mti, mwanzi na karatasi, kinachozungushwa kwa mpira uliosokotwa, kilichofuata ubunifu wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Askofu alikirusha juu. Badala ya kuanguka kikapaa mpaka kwenye dari. Wilbur alikuwa na miaka 11, mdogo wake Orville miaka 7. Wakakiita popo.

Kidude kile hakikudumu, kwa kuwa ni cha karatasi na kilikuwa mikononi mwa watoto. Wakatengeneza vingine wenyewe. Walipojaribu kutengeneza vikubwa zaidi vilikataa kuruka vizuri, wakashangaa kwa nini. Swali hilo liliwafuata ukubwani. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka wenyewe kwa ndege yenye injini, na ndugu hao hawakusahau kusema ile zawadi ya baba ndiyo iliyowaanzishia hamu.

Sisemi kila mtoto akinunuliwa ndege atakuwa Wilbur Wright. Askofu yule naye hakujua alikuwa anafanya nini. Aliona kitu, akawakumbuka wanawe, akakileta. Cha maana ni kwamba kilipovunjika, nyumba ile ilikuwa na nafasi ya watoto kukaa chini na kutengeneza kingine.

NDEGE ILIYOPEWA JINA LA SHAMBA

Katika jumba la makumbusho la Muncie unaona jinsi ndoto hizi zilivyokua. Ndege zinaning'inia darini, kuna injini ndogo za kushika kwa vidole viwili, na kuna rimoti za zamani kubwa kama redio ya mbao ya babu.

Kabla ya rimoti, mtu alirusha ndege yake akaomba Mungu irudi. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1930. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Michigan, Walter na William Good, walifanikiwa kurusha ndege inayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Waliiita Guff. Leo ni mali ya jumba la taifa la Smithsonian.

Lakini habari iliyomgusa dada yangu zaidi ni ya mzee mwingine, Maynard Hill. Orodha yake ya matamanio ilikuwa na jambo moja: ndege ya mfano ivuke Bahari ya Atlantiki. Haikuruhusiwa kuzidi kilo 5, pamoja na mafuta yake, la sivyo isingehesabiwa kuwa ya mfano. Hill alikuwa na miaka 77. Macho yake yalikuwa yamefifia sana na masikio hayakusikia vizuri. Majaribio ya awali yalishindwa. Ndege moja baada ya nyingine zikapotea.

Agosti 2003, ndege yake ya balsa na karatasi ya plastiki iliondoka Newfoundland, Kanada. Ilipopanda juu, kifaa kidogo cha kujiongoza kilishika usukani. Baada ya saa 38 na dakika 52 ikatua Ireland, umbali wa kama kilomita 3,000, ikiwa imeondoka na mafuta yasiyofika lita 4.

Ndege hiyo haikupewa jina la Hill wala la mfadhili. Iliitwa kwa jina lenye maana ya Roho ya Shamba la Butts. Shamba hilo la Maryland ndipo timu ilipokuwa ikifanyia majaribio. Yaani mafanikio makubwa kuliko yote ya ndege za mfano yana jina la kiwanja ambacho mtu mmoja alikubali wenzake wakitumie.

Jambo hilo tulilirudia njia nzima ya kurudi nyumbani, na utaona kwa nini.

ORODHA YA MTOTO

Yule mzee wa kofia alimwuliza mpwa wangu kama naye ana orodha. Mtoto akaangalia mama yake, kisha akatoa karatasi.

Juu kulikuwa na ndege ya kivita ya jeti. Ya pili jeti nyingine. Ya tatu ilikuwa ndege kubwa ya abiria ya ghorofa mbili. Mzee alisoma polepole kama anayesoma barua kutoka benki. Akasema jeti ni nzuri, ila kwa anayeanza, maisha yake ni kama sekunde kumi. Akafika chini.

"Na hii ya mwisho?"

Ya mwisho ilikuwa Cessna Caravan. Pembeni mtoto alikuwa ameandika kwa Kiingereza rangi anazotaka: nyeupe, na mstari.

"Ni ile tuliyopanda kwenda Mafia," alisema. "Kwa bibi."

Msomaji wa pwani anaijua ndege hiyo. Ina injini moja puani, mabawa juu ya madirisha, na magurudumu yasiyokunjwa. Ndizo zinazopeleka abiria visiwani na kwenye mbuga. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mafia, safari ni kama nusu saa, na mtoto aliyekaa karibu na dirisha anaona delta ya Rufiji ikitandazwa chini kama mkeka wa kijani. Huyu alikuwa na miaka mitano walipokwenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kumwona bibi yake mzaa mama. Mwaka uliofuata bibi alifariki, na tiketi za familia nzima kutoka Marekani hazikupatikana.

Dada yangu hakujua kama mtoto anaikumbuka safari ile. Alikuwa ameisoma orodha mara tatu nyumbani, na kila mara aliishia kwenye bei ya jeti ya kwanza.

Mzee alirudisha karatasi, akasema kitu ambacho nadhani kinawafaa wazazi wote. Ndege ya kujifunzia, alisema, ina mabawa juu na injini moja puani. Haina haraka, na ukiachia vijiti vya rimoti inajinyoosha yenyewe. Kwa umbo ni binamu wa hiyo Caravan. "Nunua ya kujifunzia," alimwambia dada yangu, "halafu mnunulie rangi."

RIMOTI MBILI

Kisha akamfundisha. Jinsi wanavyofundisha inafaa kuelezwa.

Kunakuwa na rimoti mbili zilizounganishwa. Mwalimu anapaisha ndege mpaka juu, mahali ambapo kosa lina muda wa kusahihishwa. Hapo anashikilia kitufe, na uongozi unahamia kwenye rimoti ya mwanafunzi. Mambo yakiharibika, mwalimu anaachia kitufe na ndege inarudi mikononi mwake. Hapigi kelele wala kunyang'anya. Anainyoosha, anaipandisha tena, anashika kitufe: "Haya, endelea."

Kosa la kwanza la kila mtoto, na la kila mtu mzima, ni lile lile. Ndege ikienda mbali nawe, kulia ni kulia. Ikigeuka kurudi kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Ubongo unachanganyikiwa, kidole kinasukuma upande usio wake, na ndege inajikunja kuelekea ardhini. Mzee alitoa njia rahisi: ndege ikikujia, sogeza kijiti upande wa bawa lililoinama, kama vile unaweka nguzo chini yake ili liinuke.

Mpwa wangu alichukua ndege mara tisa kwa robo saa. Mara saba za mwanzo mzee aliirudisha. Mara ya nane alikaribia kuirudisha, akasubiri, mtoto akainyoosha mwenyewe. Ya tisa aliizungusha uwanja mzima. Alipomaliza mikono ilikuwa inatetemeka, na hakuzungumzia jeti tena mpaka tunaondoka.

Nilimwuliza yule mzee yeye sasa ana nini katika orodha yake, ukiacha ile ndege ya dawa. Akaonyesha kwa mkono viti vya hema lao. Wengi waliokaa pale walikuwa na mvi. Alisema katika miji mingi mashamba waliyokuwa wakirushia yamejengwa nyumba, na vijana hawaji kwa wingi kama zamani. Orodha yake ya sasa ina mambo mawili: uwanja ubaki, na mtu wa kumwachia rimoti ya pili.

Vitu hivyo hakuna kiwanda kinachotoa. Ndiyo maana habari ya shamba la Butts iliturudia njiani.

KAMA MTOTO WAKO ANAOMBA NDEGE

Mzazi mwenzangu, huenda uko Mwanza, Mombasa, Muscat au Minneapolis, na mtoto amekuonyesha picha kwenye simu. Haya ndiyo tuliyotoka nayo.

Kwanza, soma orodha yote. Usiishie kwenye bei ya kitu cha kwanza. Uliza kila kimoja kimeingiaje pale. Watoto huweka juu kile wanachodhani kinapendeza, na chini kile wanachokipenda.

Pili, sheria kabla ya duka. Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha lazima afanye mtihani mfupi wa usalama wa bure kwenye intaneti. Ndege yenye uzito wa kuanzia gramu 250, yaani robo kilo, inatakiwa isajiliwe kwa mamlaka ya anga, ada ni dola 5 kwa miaka 3, na kama mmiliki hajafika miaka 13 mkubwa ndiye anayesajili. Katika anga isiyo ya viwanja vya ndege kikomo ni futi 400 kwenda juu, kama mita 120. Tanzania na Kenya nazo zina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani ndani, zinazosimamiwa na mamlaka zao za usafiri wa anga. Uliza huko kabla ya kununua au kumwagiza shangazi aliye Ulaya, maana mzigo unaweza kuishia forodhani. Usiruhusu mtoto arushe karibu na uwanja wa ndege, kambi ya jeshi, au juu ya vichwa vya watu.

Tatu, anza na kisichotumia umeme. Ndege ya karatasi iliyokunjwa vizuri inafundisha mizani: ukiweka uzito puani inanyooka, ukiuweka mkiani inapinduka. Hata tiara la fito na gazeti, lile tulilokimbiza ufukweni utotoni, ni somo la upepo. Wapo watu wazima wanaoshindana ndani ya ukumbi kwa ndege za mpira uliosokotwa zisizofika gramu 2, zinazozunguka polepole hewani kwa zaidi ya dakika 20. Hakuna anayewacheka.

Nne, kama mnaweza, kuna programu za kompyuta na simu za kujifunzia kurusha. Kuanguka huko ni bure. Mtoto aanguke mara mia kwenye kioo kabla ya kuanguka mara moja majanini.

Tano, ndege ya kwanza iwe ya povu, mabawa juu, mwendo wa taratibu. Marekani seti kamili ya anayeanza, yenye ndege, rimoti, betri na chaja, ni kama dola 150 hadi 300. Kama bajeti ni finyu, ni afadhali rimoti nzuri na ndege ya bei ndogo kuliko kinyume chake. Ndege itavunjika, rimoti itaendesha na ile itakayofuata. Nunueni propela za akiba siku hiyo hiyo, na gundi inayofaa povu, kwa sababu gundi nyingine hulila.

Sita, betri. Hapa usicheke na mtoto. Betri za lithiamu za ndege hizi zina nguvu nyingi, na zikichajiwa vibaya zinaweza kuwaka moto. Mkubwa awepo wakati wote wa kuchaji. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na mapazia na godoro, kwa chaja yake yenyewe. Iliyovimba isitumike tena. Usiiache kwenye gari juani, na usichaji usiku mkiwa mmelala.

Saba, tafuta mtu kabla ya kutafuta ndege. Panapo klabu, nendeni mkatazame Jumamosi moja bila kununua chochote. Pasipo klabu, mtafute mwalimu wa fizikia au fundi wa redio mwenye moyo. Anayejifunza peke yake kwa kawaida hupoteza ndege siku ya kwanza, na wengi hawarudi tena.

Na kiwanja. Katika miji yetu viwanja vya wazi vinapungua kila mwaka, na watoto wanacheza mpira kando ya barabara. Kama mtaa wenu au shule yenu bado ina uwanja, msiungoje mpaka uwekewe uzio na tajiri ndipo mkumbuke thamani yake. Mtoto mwenye ndege bila uwanja ni kama mvuvi mwenye ngalawa jangwani.

Ndege ya mpwa wangu imeshanunuliwa, ya kujifunzia, ya povu. Yeye na mama yake waliipaka rangi jikoni, nyeupe na mstari. Mstari haukunyooka. Wakati wanapaka, mtoto aliuliza maswali kumi kuhusu bibi ambayo hakuwa ameyauliza miaka sita: alikuwa anapika nini, alikuwa anaimba nini, kwa nini alimwita mume. Imeshaanguka mara mbili na kuunganishwa mara mbili. Jumamosi inapofika, mama ndiye anayebeba kiti cha kukunja na maji ya kunywa.

Kwa hiyo mtoto akikuletea orodha usiku wa leo, usimjibu kwanza kuhusu hela. Mwambie akae, akusomee moja baada ya nyingine, na akifika ya mwisho mwulize ameijulia wapi.